Sabuni ya Sahani ya Baba

Baba alisukuma sahani mbele kidogo, bila hasira, akasema, "Hii sahani iko nanuka sabuni."

Mama alikuwa amekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, pamoja na mdogo wangu wa kiume. Aliacha kula. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji, kwa sababu kwetu baba alikula peke yake kwenye meza ndogo, na mimi nilingoja amalize ili nimnawishe. Kwenye sahani kulikuwa na bukari, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa ziwani aliyepikwa na nyanya, chakula alichokipenda kuliko vingine. Alikuwa amekula matonge mawili tu.

"Sabuni?" mama aliuliza. "Ile sahani nimeiosha miye mwenyewe."

"Sisemi haukuiosha. Nasema iko nanuka."

Katika nyumba nyingine mwanamke angebisha. Mama hakubisha, kwa sababu kuhusu sabuni baba alikuwa na neno la mwisho. Tangu tulipotoka kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala na kuja kuishi Nchelenge, kando ya ziwa upande wa Zambia, kazi yake ilikuwa kuuza sabuni ya mawese inayovushwa kutoka upande wa Kongo. Mashua zilipofika aliingia majini mpaka magotini, akachukua mche mmoja, akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha, kisha akaugusa kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukiumwa kama umelamba betri, sabuni ile ina soda kali nyingi mno, itachubua mikono ya watu, na baba aliirudisha kwenye mashua. Usipoumwa, aliagiza mizigo ishushwe.

Vijana wa bandarini walimtania kila mara. "Mula-sabuni amefika! Papa, leo utakula na bukari ao na muchele?"

"Nitakula na mama-mukwe yako," aliwajibu, na watu wote pale kwenye mchanga walicheka, kwa sababu hakuna mtu kwetu anayethubutu kula mbele ya mama mkwe.

Kwa hiyo aliposema sahani inanuka sabuni, sisi tuliinama kutafuta kosa kwenye sahani. Hatukumtazama yeye. Alikuwa ameacha kwenda bandarini kwa muda, akisema ni mgongo, na suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba badala ya mkanda. Tuliona hayo yote kila siku, lakini macho yetu yalikuwa kwenye sahani.

Wakati ule tuliosha vyombo kwa sabuni ya unga, ile ya kufulia, kama nyumba nyingi za huku. Ni rahisi kuipata kwenye vipakiti vidogo na inatoa povu hata kwenye maji ya ziwa.

"Ile ya unga ni ya manguo," baba alisema. "Wanaitia marashi juu nguo zinukie. Sahani haiende kwa misa."

Mama alicheka kidogo. Alikuwa amefurahi, nadhani, kwamba kosa limepatikana na ni dogo.

Baba mwenyewe ndiye aliyechagua sabuni ya pili. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni ya miche aliyokuwa hajaiuza. Aliitoa mmoja mmoja, akailamba, akanipa mmoja wenye rangi ya udongo. "Huu hauume hata kiloko," alisema. Mche wa mawese unasafisha masufuria vizuri, ila mafuta ya samaki yakikutana nao kwenye maji baridi, sahani inabaki na utando wa kijivu, ukipitisha kidole kinateleza. Nikawa nachemsha maji kila jioni. Sahani ya baba niliisuuza ya kwanza, maji yakiwa bado mapya.

Kwa siku kadhaa tuliona kama anakula. Sahani ilirudi tupu. Lakini alikuwa akimwita mdogo wangu, "Kuya, saidia Papa," na mtoto aliyekwisha kula alienda mbio, kwa sababu kwetu kupewa chakula kwenye sahani ya baba ni heshima kubwa kwa mtoto. Mashavu ya mdogo wangu yalijaa. Mama alimtazama akila, kisha akamtazama baba, kisha akatazama pembeni.

Halafu siku moja mdogo wangu hakuwepo, na sahani ikasukumwa tena.

"Hata ile uliyoichagua weye?" mama aliuliza.

"Soda imeamuka. Wale bantu ya mashua walinidanganya."

Kesho yake mama alinichukua twende sokoni. Kuna mwanamke anayeuza sabuni ya maji kutoka kwenye madumu makubwa, anakumiminia kwenye chupa uliyokuja nayo. Mimi sipendi kwenda kwake kwa sababu anaongea kwa sauti ya kuita watu wengine wasikie.

"Mama, karibu! Hii ya kijani ni limau. Hii ya pinki ni maua. Hii nyeupe sijui ni nini, lakini povu yake! Unatia tone moja tu, povu inafika kwa jirani."

"Nataka yenye hainuke," mama alisema.

"Yenye hainuke? Ba mayo, bantu wanalipa juu ya harufu, weye unaikimbia? Bwana yako ni daktari?"

"Anauzaka sabuni."

"Mula-sabuni! Njo bibi yake! Mumwambie tumemukosa hapa. Sasa amemaliza miche, anakula sahani?"

Wanawake waliokaa karibu walicheka. Mama hakucheka. "Hata chakula hakuli," alisema, polepole, kwa sauti ya chini kabisa.

 Yule mwanamke alichukua chupa yetu, akaijaza ile nyeupe mpaka kwenye shingo, akaifunga vizuri na kuifuta kwa kitenge chake. "Asuuze mara tatu," aliniambia mimi. "Si mara mbili. Tatu. Hii haibaki."

Na kweli haikubaki. Nilisuuza mara tatu, sahani ikawa inalia chini ya kidole. Jioni ile baba alikula nusu ya samaki, na mama aliimba akiondoa vyombo. Nilimsikia akiimba nikajua kwamba alikuwa akiogopa siku zote zile. Kabla wiki haijaisha baba alisema chakula kina ladha ya povu.

Baada ya hapo ndipo ikaja ile sabuni ya boksi. Mama aliiona kwenye duka moja linaloleta vitu kutoka Lusaka. Sabuni nyingine zote zilikuwa na picha ya nguo, au ya maua, au ya mwanamke anayetabasamu. Boksi hili lilikuwa na picha ya sahani nyeupe na glasi zinazong'aa, hakuna kingine. Mama alisema ikiwa mtu ametengeneza sabuni kwa ajili ya sahani tu, ndiyo hii. Hakutaka nimsaidie kuibeba.

Ndani kulikuwa na vipande vidogo vya mraba, kila kimoja kwenye karatasi yake.

"Bonbon!" mdogo wangu alipiga kelele, akanyoosha mkono. Mama aliupiga ule mkono kwa nguvu hata mtoto akalia.

Alitia kipande kimoja kwenye beseni la maji ya moto. Kilizama. Tulingoja povu, halikuja. Mama aliinamia maji akanusa. "Haina povu, haina harufu!" alisema, na uso wake ulifunguka. "Njo hii! Mwenyezi Mungu, njo hii!" Aliosha sahani ya baba kwa mikono yake mwenyewe, akaongeza kipande cha pili kwa ajili ya bakuli na kijiko, akakaa akisugua muda mrefu.

Jioni vidole vyake vilikuwa vyekundu na ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa inabanduka. Nilichukua boksi nikakaa nalo karibu na taa. Kiingereza nilichojifunza shule ya msingi si kingi, nilisoma neno moja moja, mengine nikiyaruka. Neno mashine nililifahamu.

"Mama, hii ni ya mashine."

"Mashine gani?"

"Mashine yenye inaosha vyombo. Iko na mlango kama kabati. Unafunga, inaosha yenyewe. Mikono haiingie."

"Sahani zinajiosha?"

"Ndiyo, mama."

Alitazama mikono yake. Kisha akaanza kucheka, na baba naye akacheka kule kitandani mpaka akakohoa. "Mama ya batoto," alisema, "kwa hii nyumba mashine ni weye." Akamwita akae karibu, akaagiza chupa ya mafuta ya mawese, akampaka kidole kimoja kimoja kama mtu anayepaka mtoto mchanga. Sikujua nitazame wapi, nikatoka nje.

Chakula kile hakukila.

Tuna jirani, mama wa Kibemba, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni lakini anakitumia bila haya. Alikuwa akituona tukibadilisha sabuni kila mara, akaja na mikono kiunoni. "Mwebantu! Munasumbuka juu ya nini? Bambuya wetu ya zamani waliosha na nini? Majivu! Majivu hainuke kitu."

Tukachekecha majivu ya mbabula, tukayashika kwa kitambaa kibichi, tukasugua. Masufuria yalikuwa mapya tena. Sahani ya baba ilikuwa ya bati yenye waridi jekundu katikati, na lile waridi likaanza kufutika kidogo kidogo. Mama alisema haidhuru.

Baba alionja chakula, akafumba macho. "Majivu njo mama ya sabuni," alisema. "Maji ya majivu na mafuta, unapika, unapata sabuni. Sasa munashangaa mutoto anafanana na mama yake?"

Maneno yale yalikuwa na akili, ndiyo shida yake. Kila jibu alilotoa lilikuwa na akili ya mtu anayejua sabuni. Mama aliitikia kwa kichwa, nami niliitikia. Tulikuwa tunamwamini kama siku zote, na yeye, nafikiri leo, alikuwa anauamini ulimi wake uliomlisha miaka mingi. Hakutudanganya. Ulimi ulimwambia sabuni, akasema sabuni.

Ilibaki maji matupu ya moto. Tukaosha kwa maji matupu. Ilibaki sahani mpya. Jirani akatuazima yake. Mikono ya baba ilikuwa imebaki mifupa, na saa ilizunguka kwenye kifundo chake kama bangili.

Ndipo mama alipokata jani la mgomba. Alilichagua changa, lisilopasuka, akalipitisha juu ya moto mpaka likalainika, akalifuta kwa maji ya mvua. Aliweka bukari kidogo sana na samaki aliyeondolewa mifupa yote. Hakulipeleka jani lile mezani. Alilitandika mkekani akamwinua baba akaketi, na sote tulikuwa pale, hata jirani alisimama kwenye kizingiti. Hakuna sabuni iliyowahi kugusa jani lile.

Baba alitia tonge mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Alijaribu kumeza, akashindwa, akajaribu tena, akameza.

"Papa," mdogo wangu aliuliza, "na jani nayo iko nanuka sabuni?"

Baba alimtazama, kisha akamtazama mama. Nilimwona anatafuta jibu lenye akili, kama yale mengine. Hakulipata.

"Iko nanuka," alisema.

Jirani alisema "Awe!" kwa pumzi, kama mtu aliyejikata, akaondoka. Mama alikunja jani pamoja na chakula chake, polepole, kama mtu anayefunga mzigo. 

Kesho yake tulimpeleka kliniki, na kliniki wakampeleka hospitali. Mama alibaki na mdogo wangu, mimi nikaenda kama mkalimani. Baba alijua Kibemba cha kuuzia sabuni, lakini Kibemba cha ugonjwa hakukijua, na mimi nilikuwa nimekisoma shuleni. Walimpima muda mrefu. Muuguzi alikuwa mwanamke mpole. Alituketisha kwenye benchi, akaongea nami taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili nimwambie baba. Mimi ni mtu ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani ni kazi. Sasa kila neno lilipaswa kupita kwangu.

"Anasema kwa tumbo muko kintu kinaota."

"Kinaota kama nini?"

"Kama fundo."

"Wanaweza kupasua na kukitosha?"

Niliuliza. Muuguzi alinishika bega kabla ya kujibu, na baba aliliona lile.

"Anasema kimechelewa."

"Kimechelewa ao tumechelewa?"

"Ni siye," nilisema. "Anasema imefika kwa maini. Anasema hii ugonjwa inabadilisha mudomo. Mutu anaweza kusikia kila chakula kama chuma, ao kama sabuni."

 Nje watu walikuwa wakiitwa kwa namba zao. Baba aliinama akafunga viatu vyake upya, vyote viwili, ingawa vilikuwa vimefungwa.

"Bon," alisema. "Donc, njo kusema sahani ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi, Papa."

"Zote?"

"Zote."

"Tukifika, weye utangulie ndani. Ambia mama yako ile kwanza. Mbele ya ile ingine, umwambie ile."

Nilitangulia. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anachuja maji. Nilimwambia sahani zilikuwa safi, zote, muda wote, Papa amesema. Aliuliza, "Amesema zote?" Nikasema ndiyo. Akaketi chini pale pale karibu na beseni, na yale mengine sikuhitaji kuyasema.

Tangu siku ile mama aliacha kumpikia chakula cha mtu mzima. Alimpa uji mwembamba kwenye kikombe, kijiko kimoja, kingine baadaye, na yeye mwenyewe alikunywa kutoka kikombe hicho hicho ili baba asinywe peke yake. Siku nyingine baba alimeza vijiko vitano, siku nyingine kimoja. Asubuhi tulimtoa nje apate jua. Alipenda kuwatazama wanawake wa jirani wakianika chisense, wale samaki wadogo, kwenye mchanga.

Asubuhi moja alituita, mama na mimi.

"Kwa ile siku," alisema, "mununue sabuni ya pasta, ile nzito ya kopo. Bantu watakuwa mingi, na maji itakuwa ya baridi. Banamama ya kanisa hawatakuwa na wakati ya kuchemusha. Pasta inakamata mafuta hata kwa maji ya baridi. Ile ya maji musinunue, watamwaga chupa yote kwa sahani ya kwanza."

"Siku gani?" mama aliuliza.

"Unaijua."

"Miye sijui siku yoyote. Sinunui kitu."

"Mama ya batoto. Watakuja kukula hapa. Utawapa sahani za mafuta?"

"Nimesema sinunui."

Aliinuka akaingia ndani. Baba alinitazama, nami nikatazama miguu yangu. Alijua sitanunua ikiwa mama amekataa, na hakunisukuma. Siku zote zilizofuata mama aliosha vyombo kwa majivu, akasugua kwa nguvu, na sabuni ya aina yoyote haikuingia nyumbani.

Baba alifariki asubuhi, wakati wa baridi, mama akiwa amemshika kichwa. Kufika mchana ua ulikuwa umejaa. Wanawake wa kanisa walileta sufuria kubwa, sahani za kuazima kutoka nyumba nyingi, kila nyumba imefunga uzi wa rangi yake kwenye rundo lake. Wakapika, watu wakala. Kisha mmoja wao akauliza kwa sauti, "Sabuni iko wapi?"

 Mama alikuwa amekaa chini ukutani, miguu imenyooshwa, kitambaa kimefungwa kichwani, na mjane haruhusiwi kusimama kwenda kushughulika na vyombo.  Yule jirani yetu alipita katikati ya watu bila kuongea, akarudi kutoka kwake na kopo la sabuni ya pasta, limebaki nusu. Wakachota kwa vidole. Maji yalikuwa baridi kabisa, ya ziwani, na mafuta yaliachia sahani kama baba alivyosema. Kutoka mahali alipokaa mama aliweza kuzisikia zile sahani zikioshwa. Alifunika uso wake kwa kitenge.

Walipoondoka wote, na vyombo vya watu viliporudi kwa wenyewe, mama hakurudi kwenye majivu.  Aliniambia tu, "Nenda ukanunue ile," nikajua ni ipi.

Nilienda kwa yule mwanamke wa madumu, kwa sababu pasta pia anauza. Alikuwa amesikia habari zetu. Hakuita watu. Makopo aliyapanga chini ya meza, makubwa, ya kati na madogo.

"Ni ya hoteli ao ya nyumba?" aliuliza.

"Ya nyumba."

"Muko wangapi?"

Kila mnunuzi huulizwa hivyo, apate kopo linalomtosha. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ilinibidi kutuhesabu.

"Tuko batatu," nilisema.

Alirudisha kopo la kati alilokuwa ameshalishika, akainama, akachukua dogo.